Wamejaliwa na Nani? Lugha ya Dini katika Madai ya Haki za Binadamu



Tarehe 10 Desemba 1948, jijini Paris, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Nchi 48 zilipiga kura ya kuliunga mkono, hakuna iliyolipinga, na nchi nane zilijizuia kupiga kura. Kwa wanasheria na wanahistoria hayo ni mambo yanayojulikana. Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo lenye kuvutia zaidi lilitokea wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, katika Kamati ya Tatu ya Baraza, wajumbe walipobishana juu ya mtenda wa kitenzi kimoja.

Kitenzi hicho kimo katika kifungu cha 1. Kwa Kiingereza na Kifaransa kimewekwa katika kauli ya kutendwa: watu wote wamepewa akili na dhamiri. Wamepewa na nani? Rasimu iliyofikishwa mbele ya Kamati ilijibu kwamba wamepewa na maumbile. Ujumbe wa Brazil haukuridhika. Ulitaka itamkwe kuwa watu wameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, na kwamba akili na dhamiri vimetoka huko. Peng Chun Chang, mjumbe wa China, mtu aliyesoma falsafa ya nchi yake na ya Magharibi kwa pamoja, alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya wanadamu wanaishi China, nao wana mapokeo yasiyolingana na yale ya Ukristo wa Magharibi. Tamko la ulimwengu mzima halina budi kuacha mlango wazi, ili mwenye kumwamini Mungu amwone Mungu humo, na asiyemwamini akubali maneno yaleyale kwa sababu zake. Mwishowe Brazil iliondoa pendekezo lake, na Chang akaunga mkono rai ya Ubelgiji kwamba hata hayo maumbile nayo yafutwe. Kikabaki kitenzi cha kutendwa, kimesimama peke yake, mtenda wake ameondolewa kwa makubaliano ya mataifa.

Azimio hilo limefika kwa wasemaji wa Kiswahili katika tafsiri iliyosambazwa na Umoja wa Mataifa wenyewe, na hapo limetokea jambo ambalo wajumbe wa Paris hawangeweza kulitabiri. Mfasiri hakuandika kwamba watu wamepewa akili na dhamiri. Aliandika kwamba wamejaliwa. Kila anayekijua Kiswahili anajua ni nani hujalia. Mtu husema, "Mungu akinijalia nitafika kesho". Mgeni akiulizwa hali ya watoto hujibu kwamba Mungu amemjalia watatu. Na yule asiyetaka kuahidi jambo husema kwamba yote ni majaliwa. Kitenzi kimetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni pana: kufanya, kuweka, kugeuza, na mtenda wake aweza kuwa yeyote. Kiswahili kimekichukua na kukibana. Mwajiri hawezi kumjalia mfanyakazi mshahara, wala serikali haiwezi kuwajalia raia barabara, isipokuwa kwa kejeli. Kwa hiyo Mungu aliyetolewa katika kifungu cha 1 kwa mjadala mrefu amerudi katika tafsiri kwa kupitia mnyambuliko wa kitenzi, bila ya kutajwa jina.

Je, mfasiri alikosea? Mtu mwenye kupima tafsiri kwa mizani ya sheria angesema ndiyo. Yamkini jibu si rahisi hivyo. Mfasiri angeandika "wamepewa", msikilizaji wa Tanga au wa Bukavu angeuliza palepale, "Na nani?", na swali lingebaki wazi kama jeraha. "Wamejaliwa" limelijibu swali kabla halijaulizwa. Mhadhara huu unafuata suala hilo katika maneno manne au matano ambayo wanaharakati wa haki, viongozi wa dini na wanadiplomasia wameyatumia kwa zaidi ya karne moja katika eneo hili, kwa kuwa dini imeingia katika siasa za kimataifa za Afrika Mashariki kupitia balozi na manowari, na vilevile kupitia kamusi.

Haki

Neno "haki" lina mizizi katika Kiarabu, ambako linakusanya ukweli, wajibu na stahiki, na ambako ni mojawapo ya majina ya Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana hadi leo mtu anayetaka kuaminiwa huapa kwa kusema "haki ya Mungu". Kiingereza kina neno moja kwa uadilifu na jingine kwa stahiki ya mtu. Kiswahili kina moja kwa yote mawili, na watafsiri wa Biblia waliliongezea mzigo wa tatu. Katika Zaburi, mwenye haki ni mtu mwema, mcha Mungu, kinyume cha mwovu. Katika mahakama, mwenye haki ni yule ambaye sheria imempa dai fulani, awe mwema au mwovu. Wakili anayesimama kanisani, akawaambia waumini kwamba hata mfungwa ni mwenye haki, amesema jambo la kawaida kabisa kwa lugha ya Azimio na jambo la kushtusha kwa lugha ya Zaburi. Tofauti hiyo si mchezo wa maneno. Anayesikia "mwenye haki" kama sifa ya tabia atadhani kwamba haki hupatikana kwa wema na hupotea kwa uovu.

Lakini upo utajiri mwingine katika neno hili ambao haujatumiwa vya kutosha. Katika mafunzo ya Kiislamu ya pwani haki haikutajwa kamwe bila ya mtu wa pili anayedaiwa: haki ya mke kwa mume, haki ya mume kwa mke, haki ya mzazi, haki ya jirani. Ipo hata haki ya maiti. Maiti anastahili kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa, na jamii yote ina dhambi iwapo hakuna aliyeyatimiza hayo. Hapa pana mwenye haki asiyeweza kudai, asiyeweza kulipa fadhila wala kulipiza kisasi, na bado haki yake ni kamili. Ni vigumu kupata mfano ulio bora zaidi wa kile ambacho wanasheria wa kimataifa walihangaika kukieleza baada ya Vita Kuu ya Pili, nao ulikuwapo Lamu na Unguja, katika madarasa ya vyuoni, karne nyingi kabla.

Mtume na mtumwa

Kampeni ya kwanza ya haki iliyoliingiza eneo hili katika mikutano ya mataifa ilikuwa ile ya kukomesha biashara ya watumwa, na iliongozwa kwa kiasi kikubwa na watu wa dini. Historia yake kwa ufupi ni hii. Baada ya mikataba ya 1822 na 1845 iliyopunguza biashara hiyo bila ya kuikomesha, Sir Bartle Frere alitumwa Unguja mwaka 1873 huku nyuma yake kukiwa na vyama vya Kikristo vya Uingereza vilivyokwisha kuamsha hisia za umma. Sultani Barghash alikataa kutia saini. Alitia tarehe 5 Juni mwaka huohuo, baada ya balozi John Kirk kumfikishia tishio la kuzingirwa kwa kisiwa na manowari. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Wamisionari wa UMCA walipata uwanja wake, na siku ya Krismasi ya 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa ambalo bado lipo. Msimamizi wa ujenzi huo alikuwa Edward Steere, mtu ambaye wanafunzi wa isimu humkumbuka kwa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha 1870.

Si jambo la bahati kwamba mwanasarufi na mpinga utumwa walikuwa mtu mmoja. Waliofundishwa kusoma Kiungani na Mbweni walikuwa watoto na watu wazima waliookolewa majahazini, wengi wao wakiwa Wayao, Wanyasa na wengineo ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya safari na ya soko walikouzwa. Hao ndio waliokuwa wasikilizaji wa kwanza wa Injili ya Steere. Wakati huo, kwa msomaji ambaye jana yake alikuwa mtumwa, neno "mtumwa" lilikuwa na uzito ambao mwanafunzi wa leo hawezi kuuhisi.

Basi na litazamwe neno lenyewe. Mzizi ni -tum-. Ukinyambuliwa katika kauli ya kutendwa na kupewa kiambishi cha ngeli ya watu, hutoa "mtumwa": yule anayetumwa. Lakini Kiswahili kina njia nyingine, ya zamani zaidi, ya kuunda nomino ya mtendwa, yaani kwa kiishio -e. Aliyeteuliwa ni mteule. Kilichoumbwa ni kiumbe. Na aliyetumwa ni mtume. Kwa sarufi tupu, mtume na mtumwa ni mtu yuleyule, mtu aliyetumwa. Kinachowatenganisha ni mtenda, na mtenda hatajwi. Wa kwanza ametumwa na Mungu; wa pili ametumwa na mtu mwenziwe. Katika aya ya kwanza ya Waraka kwa Warumi, Biblia ya Muungano ya 1952 inamwita Paulo kwa majina yote mawili, mtumwa na mtume, na msomaji makini huona kwamba hapo utumwa umebadilishwa maana kwa kubadilishwa bwana. Tafsiri ya Habari Njema iliona haya, ikaweka "mtumishi". Usomaji umekuwa laini, na kitu kimepotea.

Nguvu ya wahubiri wa ukombozi ilikuwa katika hoja hiyohiyo: binadamu ana bwana mmoja tu, na kwa hiyo hawezi kuwa mali ya mwingine. Hoja hiyo haikuwa ya Wakristo pekee. Fiqhi iliyofuatwa na makadhi wa pwani iliuruhusu utumwa, lakini ilikataza kumtia utumwani Mwislamu aliyezaliwa huru, na ilihesabu kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya makosa kadhaa. Sheria hiyohiyo moja ilimlinda mwenye kumiliki na kumsifu mwenye kuachilia. Wala wamisionari hawakuwa na mikono safi isiyo na doa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walijenga kijiji chao cha uhuru kwa kuwanunua watumwa, na waliokombolewa walilazimika kuishi chini ya kengele na ratiba ya misheni. Kule Rabai, watoro walipokimbilia misheni, suala lilimalizwa Januari 1889 kwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kuwalipa fidia wenye watumwa zaidi ya 1,400. Waliotumikishwa hawakulipwa kitu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba: fidia ilikwenda kwa mabwana, na masuria waliachwa nje ya amri hadi 1909. Kila mara haki ya mali ilipata mlipaji upesi kuliko haki ya mtu.

Lakini mfano ulio mchungu zaidi ni wa mwaka 1888. Kadinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadre Weupe, alizunguka Ulaya akihubiri juu ya mateso ya watumwa wa Afrika, na Papa Leo wa Kumi na Tatu alimuunga mkono. Mikutano yake ilifungua njia ya Mkutano wa Brussels, uliotoa mkataba wake Julai 1890. Ujerumani nayo iliitika. Oktoba 1888 Wakatoliki na Waprotestanti, ambao kwa miaka mingi hawakuwa wakisalimiana katika siasa za nchi hiyo, walikutana pamoja jijini Köln kuulaani utumwa. Wakati huohuo watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim na wenzake, walikuwa wamesimama dhidi ya Kampuni ya Kijerumani. Chama cha Wakatoliki bungeni, ambacho hapo awali hakikuwa na shauku ya makoloni, kilikubali kutoa fedha, na Februari 1889 ikapita sheria ya marki milioni mbili. Jina la sheria hiyo linastahili kusomwa polepole: ilihusu kupambana na biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Ujerumani katika Afrika Mashariki. Kiunganishi kimoja kimebeba historia nzima. Hermann von Wissmann alikuja na askari wake. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Na utumwa wenyewe katika koloni hilo haukufutwa na Wajerumani hata walipoondoka. Ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Anayetaka kuelewa kwa nini maneno "haki za binadamu" bado hupokelewa kwa shaka na wazee fulani wa pwani, wanaoyasikia kama sauti ya mgeni mwenye manowari, aanzie na kiunganishi hicho.

Binadamu na utu

Jina la Azimio kwa Kiswahili limebadilika mara kadhaa: wengine huandika "Taarifa", wengine "Tangazo", "Tamko" au "Azimio". Jambo moja halibadiliki. Haki hizo ni za "binadamu". Na binadamu ni mwana wa Adamu.

Hapa tena dini imeingia mahali ambapo waandishi wa Paris walijitahidi isiingie. Katika Qurani, aya ya 70 ya Sura ya 17 inawataja wana wa Adamu kuwa ndio waliotukuzwa, bila ya kutaja dini wala kabila lao, na wanazuoni wengi wa Kiislamu wa zama hizi wameifanya aya hiyo kuwa msingi wa hoja zao za haki. Azimio la Cairo la 1990, lililotolewa na Jumuiya ya nchi za Kiislamu, linaanza waziwazi na nasaba hiyo ya Adamu. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa. Lugha yake imekwisha kumwambia.

Neno hili limepitia njia ya kupendeza katika sarufi. Limeingia likiwa na "bin", yaani mwana wa kiume. Lakini lilipofika pwani, kiambishi hicho kilizimika. Hakuna anayefikiri kwamba mwanamke si binadamu kwa sababu haitwi "bintiadamu". Aidha, Kiswahili kililijengea neno hilo pacha, "mwanadamu", kwa kuiweka "mwana" mahali pa "bin", na mwana kwa Kiswahili ni wa kiume au wa kike. Kwa umbo, "binadamu" halina kiambishi cha ngeli ya m-/wa-, lakini upatanisho wake wote ni wa watu. Waandishi wa Kiingereza wa 1948 ilibidi wabishane, kwa hima ya wajumbe wanawake akiwemo Hansa Mehta wa India, ili kifungu cha 1 kisiseme "wanaume wote". Kiswahili kilikuwa kimeimaliza kazi hiyo kimyakimya.

Inawezekana kuuliza kwa nini neno la Kibantu halikutumika. Neno lipo, nalo ni tamu: utu. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 12 iliyoingizwa pamoja na Hati ya Haki mwaka 1984, inatumia maneno yote matatu, binadamu, mtu na utu, ndani ya mistari michache. Tangu falsafa ya utu ipate wafuasi vyuoni, mvuto wa kuiweka haki juu yake umekuwa mkubwa, na sababu zake zinaeleweka: ni neno la nyumbani, halina harufu ya manowari, na linawaunganisha wenye dini na wasio na dini.

Hata hivyo ipo tahadhari ambayo mwanaisimu hana budi kuitoa. Utu kwa Kiswahili hupimika. Mtu huwa na utu au huukosa. "Hana utu", "huyo si mtu", "mtu ni utu": matumizi yote haya yanachukulia kwamba utu ni mwenendo. Shaaban Robert alimwita shujaa wake Utubora, na palipo na utu bora hapana budi pawepo na utu duni. Hiyo ndiyo nguvu ya neno hili katika malezi. Katika sheria ya haki ni udhaifu mkubwa. Magazeti yamezoea kuandika kwamba kijana fulani, aliyetuhumiwa kuiba, ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Waliomchoma moto wakiulizwa hawasemi kwamba yule alikuwa mtu aliyestahili kufa. Husema hakuwa mtu, alikuwa mnyama. Yaani alikwisha kuupoteza utu wake, na kilichochomwa hakikuwa tena kitu chenye haki. Lakini hakuna lahaja ya Kiswahili ambamo mtu anaweza kuambiwa kwamba ameacha kuwa mwana wa Adamu. Nasaba haipotezwi kwa wizi. Kaini, kwa mapokeo ya Biblia, alimwua ndugu yake, akabaki mwana wa Adamu, tena akatiwa alama ili asiuawe.

Kwa hiyo neno lililotoka katika dini linamlinda mwizi mahali ambapo neno la nyumbani linamwacha. TANU iliihisi nguvu hiyo ilipoiweka katika ahadi ya kwanza ya mwanachama, iliyowafanya binadamu wote kuwa ndugu. Haikusema watu wema wote. Mwalimu Nyerere, Mkatoliki aliyeilinda serikali isiyo na dini, aliizungumza lugha hiyo mbele ya masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970, alipolitaka Kanisa lijiunge na maasi dhidi ya mifumo inayowatia watu katika umaskini. Aliwahutubia wageni kwa Kiingereza, lakini msikilizaji wa Kiswahili angelitambua neno "binadamu" nyuma ya kila sentensi.

Imani

Neno "imani" kwa Kiswahili lina maana mbili, na ya pili haimo katika Kiarabu lilikotoka. Ya kwanza ni kuamini. Ya pili ni huruma: mtu asiye na imani ni katili, na anayeonea imani yatima humsaidia. Wasemaji wa pwani waliona kwamba anayeamini hana budi kuhurumia, wakaziunganisha maana mbili katika neno moja. Kifungu cha 18 cha Azimio, kinachohusu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, kikizungumzwa kwa Kiswahili huitwa mara nyingi uhuru wa imani, na kwa hakika hakuna lugha ya Ulaya inayoweza kulisema hilo kwa uzuri kama huo.

Neno hilohilo limepata mkasa wake. Tangu takriban mwaka 2006 watu wenye ualbino nchini Tanzania walianza kuuawa na kukatwa viungo, na vyombo vya habari vilieleza kila tukio kuwa limetokana na "imani za kishirikina". Ushirikina ni istilahi ya tauhidi ya Kiislamu: kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Sasa hutumiwa na polisi, na maaskofu, na mawaziri, kwa maana ya uchawi. Matokeo yake ni kwamba biashara ya viungo vya watu, yenye wanunuzi, madalali na bei, imepewa jina la kosa la itikadi, na mnunuzi ameachwa nje ya jina. Harakati za watu wenye ualbino wenyewe zililiona tatizo la majina mapema. Zilikataa "zeruzeru", zikadai neno "mtu" litangulie. Dai hilo lilifika mbali. Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 13 Juni kuwa siku yao mwaka 2014, na mwaka uliofuata Baraza la Haki za Binadamu likaanzisha nafasi ya mtaalamu huru wa kuwatetea.

Linabaki suala la kubadili dini, ambalo ndilo lililotikisa kifungu cha 18. Otto Frederick Nolde, Mlutheri wa Marekani aliyesimamia tume ya makanisa ya mambo ya kimataifa iliyoundwa 1946, alifanya kazi kubwa ili uhuru huo utajwe wazi. Makanisa yaliutaka kwa ajili ya haki, na pia kwa ajili ya misheni. Jamil Baroody, aliyeiwakilisha Saudia ilhali yeye ni Mkristo wa asili ya Lebanon, alipinga, akikumbusha jinsi uinjilishaji ulivyotangulia majeshi. Muhammad Zafrulla Khan wa Pakistan alisimama kwa jina la Uislamu kukiunga mkono kifungu, akitegemea mafunzo ya Qurani yanayokataza kulazimishana katika dini. Yeye alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo ndiyo iliyotoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili ya Sheikh Mubarak Ahmad mwaka 1953. Kitenzi cha kubadilisha kilibaki katika Azimio. Katika Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 hakikubaki. Mahali pake palisemwa kuwa na dini au kuichukua mtu atakayo.

Kiswahili kina vitenzi vingi kwa tendo hilo, na kila kimoja kina upande wake. Anayeingia Uislamu husilimu. Anayeingia Ukristo hubatizwa, na siku hizi huokoka. Anayetoka katika Uislamu huritadi, nalo ni neno la hukumu. Anayeacha yote hana kitenzi. Huitwa mpagani au kafiri, majina aliyopewa na wengine. Waliotunga ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania walikuwa na maneno hayo yote mbele yao, na hawakulichukua hata moja. Walichukua "kubadilisha", kitenzi kinachotumika kwa nguo na kwa fedha.